Jina la Chama na Mpaka wa Haki: Vyama vya Wanawake katika Mji wa Kale wa Mombasa tangu 1890

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya vyama vya hiari vya wanawake katika kisiwa cha Mombasa, na hasa katika mitaa ya Mji wa Kale, tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa. Vyama hivyo vimekwisha kuandikwa na wanahistoria, na kazi ya Margaret Strobel iliyochapishwa mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa imebaki kuwa msingi wa kila uchunguzi uliofuata. Hata hivyo, wasomaji wengi wa historia hiyo wameizoea kuitazama kama safari ya kwenda mbele tu: kwanza palikuwa na ngoma, kisha pakawa na taasisi, mwishowe pakaja madai ya haki. Kwa mtazamo huo, ngoma huwa ni utoto wa siasa, na wachezaji wake huwa ni watu waliokuwa wakingoja kuelimishwa.

Mtazamo huo una kasoro. Ukiangaliwa ushahidi wenyewe, utaona kwamba ngoma za wanawake ziliwakusanya pamoja watu ambao taasisi zilizofuata hazikuweza kuwakusanya, na kwamba taasisi zilipata mbele ya serikali yale ambayo ngoma hazikuweza kuyapata. Tofauti hii haielezwi na kiwango cha elimu peke yake. Sehemu kubwa ya maelezo yake imo katika lugha, yaani katika majina ambayo watu walitumia kujitaja na kutajwa. Kila chama kilipojipa jina kilieleza ni nani aliye ndani na ni nani aliye nje; na kila haki iliyodaiwa ilidaiwa kwa jina fulani, ikawafikia wale tu waliokuwa wakiitikia jina hilo. Hii ndiyo hoja itakayofuatwa hapa chini.

2. Mji na majina ya watu wake

Mombasa ya karne ya kumi na tisa ilikuwa mji wa mipaka mingi. Wenyeji wake Waswahili walihesabiwa katika Miji Kumi na Miwili, au Thenashara Taifa, iliyogawanyika mafungu mawili. Fungu la Tisa lilikuwa na Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wapaza, Wagunya na Wakatwa; na fungu la Tatu lilikuwa na Wachangamwe, Wakilindini na Watangana. Pamoja nao walikaa Waarabu wa Omani, miongoni mwao Wamazrui waliowahi kuutawala mji kabla ya kushindwa na Busaidi mwaka 1837. Washihiri kutoka Hadhramaut. Wabaluchi waliokuja kama askari. Na Wahindi wa madhehebu mbalimbali. Wamijikenda waliingia na kutoka kwa biashara na kwa ujamaa. Chini ya hao wote walikuwapo watumwa.

Msamiati wa utumwa wenyewe unastahili kuangaliwa na wanaisimu. Neno mjinga, ambalo leo lina maana ya mtu asiyejua, lilitumika kwa mtumwa aliyetoka bara karibuni, asiyejua bado lugha na desturi za pwani. Mzalia alikuwa mtumwa aliyezaliwa pwani. Suria alikuwa mjakazi aliyewekwa na bwana wake, na mtoto wake, akikubaliwa na babake, alihesabiwa mngwana. Kinyume cha hayo yote kilikuwa ni uungwana, neno lililobeba uhuru wa kuzaliwa, nasaba, adabu, dini na makazi ya mjini kwa pamoja. Yaani lugha haikutenganisha tabia njema na damu. Kumwambia mtu kwamba si mngwana kulikuwa ni kumnyima heshima na asili kwa neno moja.

Baadaye neno jingine lilikuja kushindana na uungwana, nalo ni ustaarabu. Wanahistoria wa pwani wamelihusisha badiliko hilo na nguvu za Waomani katika karne ya kumi na tisa. Kipimo cha mtu aliyeendelea hakikuwa tena uungwana wa mji wake mwenyewe, bali kufanana na Mwarabu. Neno hilo leo limepoteza maana hiyo katika matumizi ya kawaida, na msemaji wa Kiswahili wa bara hulitamka bila kumkumbuka Mwarabu yeyote. Lakini katika Mombasa ya nusu ya kwanza ya karne ya ishirini maana hiyo ilikuwa hai, na kama itakavyoonekana, ilikuwa na uzito wa kisheria.

Biashara ya watumwa ya baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa 1873 baina ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar. Himaya ya Uingereza ilitangazwa mwaka 1895, lakini hadhi ya kisheria ya utumwa katika ukanda wa pwani haikufutwa hadi mwaka 1907. Sheria ilifuta hadhi, haikufuta majina. Mtu aliyeachwa huru aliendelea kuitwa wa fulani, kuposwa kwa hadhari, kuketishwa mahali pake katika shughuli, na kuulizwa asili yake. Swali lililobaki mbele ya mji lilikuwa hili: mtu aliyetoka utumwani ataingia vipi katika jamii ambayo neno lake la kusifu watu ni kinyume cha utumwa?

Wanawake walianza kulijibu swali hilo kabla ya wanaume, tena kwa mavazi. Zamani wanawake wa kiungwana walitoka wakiwa wamefunikwa kwa shiraa, hema la kitambaa lililochukuliwa na wajakazi, na mjakazi mwenyewe hakuruhusiwa kujifunika kama bibi yake. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini likaenea buibui. Vazi hili halikuhitaji mjakazi wa kulichukua, na mwanamke wa asili yoyote aliweza kulivaa. Mtazamaji wa leo akiliona buibui huenda akadhani ni alama ya kufungwa. Kwa binti wa mtumwa wa mwaka 1910, aliyepita Ndia Kuu akiwa amelivaa, lilikuwa ni tangazo kwamba naye ana stara ya kuhifadhiwa. Heshima, ambayo hapo awali ilikuwa mali ya wenye nguvu, ikawa ni kitu ambacho mtu aweza kujipatia kwa mwenendo wake.

3. Ngoma kama chama

Ushahidi wa pili unatoka katika shughuli za unyago na arusi. Wengi wa watumwa walioletwa Mombasa walitoka pande za kusini, miongoni mwao Wanyasa na Wayao, na wanawake wao walikuja na mafunzo ya jando la wasichana na ngoma zake. Katika mazingira ya mji mafunzo hayo yakawa kazi ya makungwi. Strobel ameonyesha jambo ambalo halikutarajiwa: mila hiyo ya wajakazi ilipanda juu, ikapokewa na waungwana, hata binti za nyumba kubwa wakafunzwa mambo ya unyumba na masomo ambao mama zao walikuwa watumwa. Katika chumba cha mafunzo mwenye elimu alikuwa ni yule ambaye nje ya chumba hicho aliitwa mjinga. Somo na mwari wake walifungamana kwa uhusiano wa maisha, na uhusiano huo ulikuwa na haki na wajibu wake.

Haifai, lakini, kuipamba picha hii kupita kiasi. Ngoma ya vugo, iliyopigwa kwa pembe katika arusi, ilikuwa ni alama ya uungwana, na watu wa asili ya utumwa walitengwa nayo. Kwa hiyo ngoma iliweza kuwa mlango na iliweza kuwa ukuta. Ni katika hali hiyo ndipo tunapaswa kuitazama lelemama.

Lelemama ilichezwa na wanawake peke yao, wakiwa wamejipanga safu, kwa miondoko ya utulivu ya mikono na kiwiliwili, huku nyimbo zikiimbwa. Katika Mombasa ilianza kuwa na nguvu katika miaka ya 1890, wakati uleule ambapo wanaume wa pwani walianza kucheza beni kwa kuiga bendi na gwaride za Wazungu. Makundi ya beni ya Mombasa kama Kingi na Scotchi yalikuwa na vyeo, sare na mashindano, na T. O. Ranger ameyaeleza kwa kirefu katika kitabu chake cha 1975. Makundi ya wanawake yalifuata mtindo huohuo wa kushindana wawili wawili. Kila kundi lilikuwa na viongozi wenye vyeo, michango, sare za leso, na watunzi wa nyimbo za kuwajibu mahasimu. Mshindi alikuwa ni yule aliyelisha watu wengi zaidi, aliyevaa vizuri zaidi, na aliyemjibu mwenzake kwa fumbo lililomwacha bila jawabu.

Lililo muhimu kwa hoja yetu ni muundo wa makundi hayo. Mtu hakuingia kwa nasaba. Aliingia kwa kutoa mchango wake, kwa kufuata amri za kundi na kwa kusimama upande mmoja na wenzake siku ya mashindano. Ndani ya safu moja walisimama wanawake wa Thenashara Taifa, wanawake wa Kiarabu na binti za watumwa, na mwanamke asiye na jina la ukoo aliweza kupata cheo kwa sauti yake, kwa utunzi wake au kwa ukarimu wake. Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Kwa mtu aliyenyang'anywa kwao, kundi la ngoma lilimpa kwao pengine: mahali pa kuchezea na watu wa kumtuza. Zaidi ya hayo, kundi lilikuwa ni chama cha kusaidiana. Mwenzao alipofiwa, alipougua au alipooza, walikuja kwa jina la kundi wala si kwa jina la ukoo.

Wala makundi hayo hayakuwa mabaraza ya usawa. Vyeo vyao vilikuwa ni ngazi, na mwenye mali alipanda upesi kuliko maskini. Mashindano yaliwatia watu katika madeni, na nyimbo za kujibizana mara nyingine zilichimbua asili ya mtu na kumtupia utumwa wa bibi yake mbele ya kadamnasi. Ngoma iliwachanganya watu wa asili tofauti. Haikuwafanya wasahau asili hizo. Lakini hata tusi lenyewe ni ushahidi, maana hamtukani mtu kwa asili yake katika uwanja wa mashindano ila yule aliyekwisha kumkubali kuwa mshindani wake.

4. Serikali na majina yake

Wakati wanawake walipokuwa wakijipanga kwa makundi ya ngoma, serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwapanga watu wote kwa makabila. Sheria zake ziligawanya watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na mgawanyo huo uliamua kodi gani mtu atalipa, kitanda gani atalazwa hospitalini, shule gani mwanawe ataingia, na kama atachukua kipande au la. Waarabu walipata kuhesabiwa miongoni mwa wasio wenyeji. Waswahili wa Thenashara Taifa wakajikuta katika hali ngumu: katika mji ambao wao ndio wenyewe, kuitwa mwenyeji kulikuwa ni kushushwa. Kwa muda mrefu walipigania kutambuliwa kuwa sawa na Waarabu, na A. I. Salim ameieleza kwa makini habari hiyo katika historia yake ya Waswahili wa pwani ya Kenya, iliyotolewa mwaka 1973. Hapo ndipo ustaarabu ulipopata uzito wa kisheria. Jina likawa ni mali, na watu wakaligombea kama wanavyogombea shamba.

Matokeo yake katika uchaguzi yalikuwa ya ajabu. Wanawake wa Kizungu katika Kenya walipewa haki ya kupiga kura mwaka 1919. Waraka wa serikali ya Uingereza wa 1923 ulithibitisha viti vya kuchaguliwa vya Wahindi na kimoja cha Waarabu katika Baraza la Kutunga Sheria. Wanawake wa Kihindi waliingizwa katika kura. Wanawake wa Kiarabu hawakuingizwa. Waafrika walipopata kuchagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, mwezi Machi 1957, kura ilitolewa kwa masharti ya elimu, mapato, umri na utumishi, lakini mwanamke wa Kiafrika aliyetimiza masharti hayo hakuzuiwa kwa kuwa ni mwanamke. Kwa hiyo, miaka sita kabla ya uhuru, wanawake wa Kiarabu walikuwa ndio waliobaki nje kwa sababu ya jinsia peke yake. Jina lililowapa waume zao daraja mbele ya serikali ndilo lililowanyima wao kura.

Wakati huohuo palikuwa na mabadiliko ndani ya mji. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alitoa karatasi iitwayo Sahifa mwaka 1930, na kisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Katika kurasa hizo aliwahimiza Waislamu wasomeshe watoto wao, wa kike kwa wa kiume, na akakemea israfu ya ngoma na shughuli. Mwishoni mwa miaka ya thelathini shule ya serikali ya wasichana wa Kiarabu ikafunguliwa mjini. Ni muhimu kuona kwamba mambo haya mawili, kuhimiza elimu ya wasichana na kukemea ngoma, yalikuja pamoja. Wanavyuoni waliomfungulia mwanamke mlango wa darasa walikuwa haohao waliotaka kumfungia uwanja wa lelemama. Waliona katika ngoma upotevu wa mali na kuvunjwa kwa stara, na juu ya gharama, hasa katika miaka ya vita, hawakukosa hoja. Lakini darasa liliwakaribisha wachache, na uwanja uliwakaribisha wengi.

Makundi makubwa ya mwisho ya ngoma, Ibinaal Watan na Banu Saada, yanaonyesha jinsi wanawake wenyewe walivyosikia mabadiliko hayo. Majina yake yametoka katika Kiarabu, na la kwanza lina maana ya wana wa nchi. Halikuwa tena jina la kuiga Wazungu kama Kingi. Lilikuwa ni jina la watu wanaojiona kuwa wana nchi na kwamba nchi ina wana. Mashindano yao yalikuwa makali, na mji uligawanyika kwa ajili yao. Hata hivyo, kwa mtu aliyezoea kusikiliza majina, tayari pana dalili kwamba uwanja wa ngoma ulikuwa umeanza kufikiri mambo ya siasa.

5. Taasisi na kura

Katika miaka ya hamsini vikatokea vyama viwili vya namna mpya, Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association. Vilikuwa na katiba, wenyekiti, makatibu na daftari za mikutano. Vilishughulikia elimu na maendeleo ya wanawake na misaada kwa wahitaji. Strobel ameonyesha kwamba vyama hivi havikuzaliwa katika utupu. Viliurithi ustadi wa ngoma: jinsi ya kukusanya michango, jinsi ya kuongoza watu, na jinsi ya kushindana, kwa kuwa vyenyewe navyo vilikuwa viwili, na upinzani baina yao ulikuwa na harufu ya lelemama. Mwanamke aliyejua kuwapanga wenzake kwa sare na wimbo alijua pia kuwapanga kwa ajili ya maombi ya maandishi.

Mwaka 1958 wanawake wa Mombasa walipeleka serikalini madai yao ya kupiga kura. Tukio hili halina budi kupewa nafasi yake katika historia ya Kenya, ambayo mara nyingi husimuliwa kana kwamba wanawake wa Pwani waliamshwa na watu wa bara. Walidai wenyewe, kwa kalamu, mbele ya serikali na mbele ya wanaume wao, na hatimaye wakapata. Waliokuwa wakisema kwamba dini na mila zinamkataza mwanamke kupiga kura walijibiwa na wanawake waliokuwa wakiishika dini hiyo na mila hizo.

Lakini madai hayo yalikuwa na lugha yake, na lugha hiyo ilikuwa ni ya serikali. Palikuwa na daftari la wapiga kura Waarabu; kwa hiyo kura ilidaiwa kwa jina la wanawake wa Kiarabu. Mwanamke aliyesimama katika safu ya lelemama akiwa ni binti wa mtumwa, akaimba na kupewa cheo, hakuwa na nafasi katika ombi hilo, isipokuwa jina la Mwarabu limpokee. Uongozi wa vyama vipya nao ulihitaji kusoma na kuandika na kujua kusema na maofisa, na hayo yalikuwa yamewafikia zaidi watu wa nyumba zenye uwezo. Haki ilipanda juu hadi ikafika katika Baraza la Kutunga Sheria. Wakati huohuo duara la wenye kuidai likawa dogo kuliko duara la wachezaji.

Hapana lawama ya kuwatupia wanawake wale. Mtu hudai kwa mlango uliopo. Jambo la kujifunza ni kwamba ngoma ilikuwa na watu wote bila ya kuwa na sauti mbele ya serikali, na taasisi ilikuwa na sauti bila ya kuwa na watu wote. Na kati ya mambo mawili hayo lilikaa jina.

Sauti za pande zote mbili zimehifadhiwa kwa bahati njema katika masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa, Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, yaliyokusanywa na Strobel katika miaka ya sabini na kuhaririwa pamoja na Sarah Mirza. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1989, na asili ya Kiswahili ikatoka mwaka 1991 kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Wa kwanza ni wa ukoo wa waungwana, wa pili ni wa wazazi waliotoka utumwani, na wa tatu ni wa tabaka la juu la Waarabu. Kwa msomi wa lugha, kitabu hicho ni hazina ya Kimvita kinavyosemwa. Kwa mwanahistoria, kuwekwa kwa masimulizi hayo matatu katika jalada moja ni jambo ambalo hakuna daftari la wapiga kura la wakati wa ukoloni lililoweza kulifanya.

6. Baada ya uhuru

Kufikia uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963 daftari za makabila zilikuwa zimekwisha kufutwa, na kila mtu mzima alikuwa amepata kura. Mahakama za Kadhi zilibaki kwa makubaliano yaliyouunganisha ukanda wa pwani na Kenya, na ndani ya mahakama hizo historia hii iliendelea kwa njia nyingine. Susan Hirsch, katika utafiti wake wa miaka ya themanini uliochapishwa mwaka 1998, aligundua kwamba mashauri mengi katika mahakama za Kadhi za pwani ya Kenya huletwa na wanawake, na kwamba wengi wao hushinda. Yeye ni mtaalamu wa lugha na sheria, na jambo lililomshangaza ni hili: jamii humsifu mke kwa kuvumilia na kunyamaza, na mume huonekana kuwa ndiye mwenye kutamka neno la mwisho kwa talaka, lakini mbele ya Kadhi mwanamke husimulia, na kusimulia kwake huleta hukumu. Vizazi vya wanawake waliojifunza kusema kwa fumbo katika mashindano havikukosa maneno mahakamani.

Mwaka 1997, mwaka wa machafuko ya Likoni yaliyoua watu na kuwafukuza wengi makwao, kiliundwa mjini Mombasa chama kisichotafuta faida kiitwacho Muslims for Human Rights. Kwa ufupi huitwa MUHURI. Jina hili linastahili kutazamwa kama tulivyoyatazama yaliyotangulia. Limebeba mambo mawili: Waislamu, ambao ndio wanaosema, na binadamu, ambaye ndiye anayesemewa. Na ufupisho wake umeangukia katika neno la Kiswahili linalojulikana na kila mtu, alama inayoipa karatasi nguvu ya kukubaliwa. Chama hicho kimepinga kukamatwa na kutoweka kwa watu kinyume cha sheria, kikawafunza wananchi wa kawaida kukagua matumizi ya fedha za maendeleo za majimbo yao ya uchaguzi, na kikawatetea watu bila ya kuwauliza dini. Wanawake na wanaume hufanya kazi pamoja ndani yake.

Jina lake pia limepata kukitia katika hatari. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, ambamo watu 148 waliuawa, serikali ilikiweka chama hicho, pamoja na chama kingine cha Mombasa cha Haki Africa, katika orodha ya waliotuhumiwa kuhusiana na ugaidi, na akaunti zao za benki zikafungwa. Vyama hivyo vilikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na katika mwaka huohuo mahakama ikaamua kwa upande wao. Ikiwa mwaka 1958 jina liliwaacha watu nje ya haki, mwaka 2015 jina lilikaribia kukifunga chama kilichokuwa kikizitetea.

Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi katika ibara ya 27, na inamtaja mwanamke na mwanamume kuwa sawa. Katika ibara ya 24 imeruhusu usawa huo uwekewe mpaka kadiri inavyohitajiwa na sheria ya Kiislamu mbele ya Mahakama za Kadhi, kwa watu wanaoikiri dini hiyo, katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mpaka huo utachoraje maisha ya mwanamke wa Kuze au Kibokoni ni suala lisiloweza kuamuliwa na wanasheria peke yao. Historia iliyosimuliwa hapa inaonyesha kwamba wanawake wa mitaa hiyo wamezoea kuishi juu ya mipaka na kuisogeza.

7. Hitimisho

Yamekwisha kuonyeshwa mambo matatu. Kwanza, kuwaingiza waliotengwa katika jamii ya Mombasa hakukuanza na taasisi wala na serikali. Kulianza katika chumba cha kungwi, katika buibui na katika safu ya lelemama. Pili, vyama vya miaka ya hamsini vilipata ushindi ambao ngoma isingeupata, lakini viliupata kwa jina lililowaacha nje baadhi ya wale waliocheza pamoja. Tatu, maneno kama mngwana, mwenyeji, Mwarabu, Mwislamu na binadamu hayakuwa vyeo vya kupambia watu tu. Yalikuwa ni milango, na kila moja lilifunguka kwa kipimo chake.

Kwa idara za lugha, hili lina wajibu wake. Kamusi zetu hueleza mjinga kuwa ni mtu asiye na maarifa, na ustaarabu kuwa ni hali ya kuendelea, bila ya kutaja ni nani aliyebebeshwa neno la kwanza na ni nani aliyekuwa kipimo cha la pili. Mwanafunzi anayejifunza maneno hayo hana budi kuoneshwa njia yaliyopitia. Wazee wanaokumbuka nyimbo za mashindano, na wanaojua ni jina gani lilitajwa katika ubeti upi na kwa nini mtu fulani alilia aliposikia, wamebaki wachache. Kuzirekodi nyimbo hizo pamoja na maelezo yake, kabla hayajaachwa maneno bila ya wenyewe, ni kazi ya haki sawasawa na ilivyo kazi ya lugha.